Nilimwambia mama biashara yake imekufa, sasa nashindwa kuandika nilivyokua chuoni

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, na mwaka huu wa 2025 ninahitimu shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara katika chuo kimojawapo hapa jijini Dodoma. Mitihani ya mwisho tuliifanya mwezi Julai, matokeo yametoka na ni mazuri, na kilichobaki ni mahafali. Darasa letu linaandaa kijitabu cha kumbukumbu, na kila mhitimu ametakiwa kuandika kurasa mbili kueleza namna alivyokua, yeye kama mtu, katika miaka mitatu ya chuo. Wenzangu wamekwisha kukabidhi za kwao. Mimi nimeanza mara nne na mara zote nne nimefuta.

Si kwamba sina la kuandika. Nilipofika hapa Oktoba 2022 nikitokea Mpwapwa, nilikuwa msichana ambaye akiulizwa swali darasani anaitazama meza. Katika wiki ya tatu mwalimu mmoja alinisimamisha nijitambulishe tu, nikasimama bila kutoa sauti mpaka yeye mwenyewe akanionea huruma, akaniambia nikae. Mwaka huu ni mimi niliyewasilisha kazi ya kikundi chetu kuhusu wakulima wa zabibu wa Mpunguzi. Tulikwenda kuwahoji shambani siku tatu, na karibu maswali yote niliyauliza mimi: kwa nini wanauza kwa bei ya mnunuzi wakati wao ndio wenye mali, nani anagharimia dawa, na inakuwaje zabibu zikichelewa siku mbili juani. Aidha, nilikuwa mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha bweni letu kwa miaka miwili, na haikupotea hata shilingi mia. Haya yote nilikusudia kuyaandika, mpaka nilipokwenda nyumbani mwezi Agosti.

Mama yangu ana kibanda cha nafaka sokoni Mpwapwa. Anauza karanga, uwele, mtama, kunde, choroko na mlenda mkavu. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo kibanda hicho ndicho kilichotulea mimi na mdogo wangu. Mama hajawahi kuwa na daftari. Ana kopo la Blue Band lenye punje za mahindi na punje za kunde: kila punje ya mahindi ni kilo moja aliyoitoa kwa mali kauli kwa mama lishe wa stendi, kila punje ya kunde ni kilo ya mama lishe mwingine, na mtu akilipa, punje zake zinarudi guniani. Mwenyewe ndiye aliyeniomba, kwa furaha kabisa, kwamba kwa kuwa sasa nimesoma nimwekee biashara yake kisomi.

Nilinunua kauntabuku, nikapiga mistari, nikakaa juu ya debe lililopinduliwa nyuma ya mizani kwa wiki mbili, nikaandika kila kilichoingia na kila kilichotoka. Usiku wa kuamkia safari yangu ya kwanza ya chuo, mama na mimi tulikuwa tumehesabu mali yote ya kibanda pamoja na fedha zilizokuwapo, ikawa shilingi 3,100,000. Namba hiyo sikuisahau. Agosti hii nimehesabu upya nikapata 1,250,000. Nikaandika chini ya ukurasa, kwa wino mwekundu, hasara ya 1,850,000. Kisha nikageukia nyongeza. Mama akishapima kilo ya karanga huchota kiganja kimoja akaongeza kwenye mfuko wa mteja. Nilikipima kiganja hicho, kikawa gramu 40. Kwa kilo 25 anazouza kwa siku, anagawa kilo nzima bure kila siku inayopita.

Nilimweleza siku ya kumi na nne, asubuhi, wateja wawili wakiwa wamesimama mbele yetu. Nilisema, na maneno haya ninayakumbuka yalivyotoka, "Mama, kwa hesabu hizi biashara hii ilishakufa, ni wewe tu hujaambiwa." Hakunijibu. Alilichukua daftari mikononi mwangu, akalifunga, akalisukuma chini ya mizani, akamgeukia mteja na kumwuliza, "Ulisema kilo mbili?" Akapima kilo mbili, akaongeza kiganja chake kama kawaida.

Tangu siku hiyo tunaongea vizuri kwa simu, lakini habari za biashara hazitajwi. Nilipomkumbusha kuhusu mahafali alisema atakuja nauli ikipatikana, halafu akaongeza, "Ila nauli nayo si utaniandikia hasara?" Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikuweza kucheka.

Ili usinione sina shukrani, naomba nieleze aliyonifanyia. Mwaka wa kwanza sikupata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, akalipa ada yote, shilingi 1,300,000. Mwaka wa pili na wa tatu nilipata mkopo wa sehemu tu, akaongezea 650,000 kila mwaka. Alininunulia kompyuta ya mkononi, iliyotumika, kwa 700,000. Na kila wiki ya masomo, ambazo kwa mwaka ni 34, alinitumia 15,000 kwenye simu bila kukosa hata mara moja. Kwa hiyo ninajua thamani yake. Ninachoshindwa kujua ni namna ya kumsaidia mtu asiyetaka kuambiwa ukweli, na namna ya kuandika kurasa mbili kuhusu kukua kwangu wakati matunda ya kwanza ya kukua huko yamekuwa ni kumfungia mama mdomo.

Wako,
Mhitimu mtarajiwa, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, kwa sababu ina namba nyingi, na mtu anayeandika namba nyingi ni haki yake kujibiwa kwa namba. Naomba basi tulifungue tena lile daftari, mimi na wewe, kabla hatujazungumza habari za mama kukataa ukweli.

Unajua kuliko mimi kwamba mtaji wa mwisho wa biashara ya mtu mmoja hupatikana kwa kuchukua mtaji wa mwanzo, kuongeza faida iliyopatikana, na kupunguza kile ambacho mwenye biashara alikichukua kwa mambo yake binafsi. Wewe ulichukua mtaji wa mwanzo, ukautoa wa mwisho, na tofauti yote ukaiita hasara. Fungu la tatu hukuliandika kabisa. Lakini namba zake unazo, tena umenipa mwenyewe katika aya ya mwisho ya barua, ukidhani unaeleza shukrani. Ada ya mwaka wa kwanza ni 1,300,000. Nyongeza ya miaka miwili iliyofuata ni 1,300,000 nyingine. Kompyuta ni 700,000. Na zile 15,000 za kila wiki, kwa wiki 34 na kwa miaka mitatu, zinafika 1,530,000. Jumla ni shilingi 4,830,000, na zote zilitoka nyuma ya mizani ile ile uliyokaa nayo.

Sasa rudia hesabu. Ili kibanda kilichoanza na 3,100,000 kitoe 4,830,000 na bado kibaki na 1,250,000, ni lazima kiwe kimezalisha faida ya 2,980,000. Hiyo ni karibu milioni moja kwa kila mwaka, tena baada ya chakula cha nyumbani, baada ya madaftari na sare za mdogo wako, baada ya ushuru wa soko, na baada ya hicho kiganja cha karanga kilichokukera. Biashara uliyoitangazia msiba mbele ya wateja ilikuwa hai muda wote, na kazi iliyokuwa ikiifanya ilikuwa ni kukusomesha wewe.

Kosa hili mwalimu wako wa mwaka wa kwanza angelizungushia duara jekundu, na wewe mwenyewe ungelikuta kwenye daftari la mtu mwingine ungelibaini kabla chai haijapoa. Kwa hiyo siamini kwamba hujui. Nimejiuliza kwa nini mtu aliyetunza hazina ya bweni kwa miaka miwili bila kupoteza shilingi mia alisahau fungu kubwa kuliko yote, na jibu ninalolipata, unisamehe kama nakosea, ni kwamba ili kuliandika fungu lile ungelazimika kuandika jina lako mbele ya kila mstari. Ni rahisi zaidi kuandika kwamba mama hajui biashara.

Sisemi haya ili nikulaumu. Wapo watu wazima wengi, wenye vyeo, ambao hawajawahi kulifungua ukurasa huo wa maisha yao. Tena nisingependa utoke hapa ukidhani kila ulichokiona kilikuwa kosa, maana jicho ulilopewa na chuo limeona jambo moja la kweli ambalo mama yako analihitaji mno. Mtaji wa 1,250,000 ni mwembamba, na umekuwa mwembamba katika mwezi ambao ulipaswa kuwa mnene kuliko yote.

Huku kwetu kanda ya kati mvua ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mavuno yanaingia sokoni kuanzia Mei hadi Julai. Wakati huo mkulima ana shida ya fedha na gunia ni la bei nafuu. Kuanzia Desemba hadi Machi, watu wakiwa shambani na maghala yakiwa yamepungua, bei inapanda. Mfanyabiashara wa nafaka anaishi kwa tofauti ya nyakati hizo mbili. Mwenye mtaji wa kutosha ananunua magunia Juni, anayatunza, anauza polepole. Aliyepungukiwa ananunua debe mbili leo kwa mfanyabiashara wa jumla, akishauza anarudi tena, na kadiri miezi inavyokwenda faida yake inabaki kwa yule wa jumla. Sikuwapo Mpwapwa, lakini kwa namba ulizonipa nadiriki kusema kwamba mama yako amekuwa akinunua kwa namna hiyo ya pili walau kwa mwaka mmoja uliopita, naye anajua sababu yake, na alichagua kutokuambia. Muulize. Mwulize Juni ya 2022 alinunua magunia mangapi na Juni ya mwaka huu mangapi. Hapo ndipo lilipo jeraha la kibanda, na ndipo elimu yako inapoweza kufanya kazi ya maana: kujua kiasi gani kinahitajika kufikia Juni 2026 ili arudi kununua kwa gunia, na kitapatikana wapi bila kukopa kwa riba ya kunyonga.

Kuhusu mali kauli sina neno refu. Kopo lile la punje ni daftari la wadaiwa, tena zuri, kwa kuwa halihitaji umeme wala miwani. Linakosa tarehe tu. Ukimsaidia kuweka tarehe umemaliza.

Kiganja cha nyongeza nacho ningekuomba ukipime mara ya pili, safari hii pande zote mbili. Gramu 40 kwa kila kilo ni sehemu ya ishirini na tano ya mali. Ni gharama halisi, na ulikuwa sahihi kuiona. Lakini ulihesabu kinachotoka mkononi mwa mama, hukuhesabu kinachorudi. Je, katika wale wateja wa kilo 25 za kila siku, wangapi wanapita vibanda vingine ndipo wafike kwake? Uliwauliza? Wakulima wa Mpunguzi uliwauliza siku tatu kabla ya kuandika mstari mmoja, ukataka kujua hata zabibu zinasema nini zikikaa juani siku mbili. Mama yako ulimwandika wiki mbili kabla ya kumwuliza swali moja. Ningeshangaa kama hilo halikukuuma tangu uliposoma sentensi iliyotangulia.

Na kwa kuwa tunazungumza karanga, jirani zenu wa Kongwa wana kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza, ambao baada ya vita walikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia kwao, walianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, wakaja na matrekta na wataalamu na mahesabu yaliyopangwa vizuri kwenye makaratasi. Udongo wa Kongwa wa mfinyanzi uliposhikwa na kiangazi ukawa mgumu kama sakafu, mvua haikufuata ratiba ya ofisini, na kufikia 1951 mradi ukaachwa, fedha nyingi zikiwa zimezama. Karanga zenyewe zimeendelea kulimwa na kuuzwa katika eneo hilo hilo hadi leo, na watu wa aina ya mama yako. Nayataja kwa sababu wewe umetoka upande wa wanaojua udongo, na ingekuwa ajabu ukaishia upande wa wale wengine.

Sasa safari ya nyumbani. Nenda kabla ya mahafali, usingoje siku hiyo yenye picha na vigelegele, kwa maana hapo hamtapata nafasi ya kuzungumza. Fika asubuhi wakati wa kufungua, msaidie kutoa magunia nje, na jambo la kwanza la biashara utakalolisema liwe ni kwamba ulikosea hesabu. Sema hivyo hivyo, kwamba ulikosea hesabu, usiseme kwamba "hukumaanisha" au kwamba "maneno yalitoka vibaya", kwa kuwa mama aliyeuza nafaka miaka yote hiyo anaelewa uzito wa hesabu iliyokosewa kuliko uzito wa samahani. Kisha mweleze ilivyokosewa: kwamba uliacha fungu la alichokichukua, na ukilirudisha, kibanda kimetengeneza faida ya 2,980,000 kwa miaka mitatu. Taja namba nzima. Inawezekana hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba alipata faida, na ni namba ambayo alistahili kuisikia mbele ya wateja. Kwa bahati mbaya, nyingine ndiyo waliyoisikia. Kama wale wawili wapo karibu siku hiyo, usiogope wakisikia na hii.

Daftari usilitoe wewe chini ya mizani. Akilitoa mwenyewe, fungueni pamoja, yeye aseme na wewe uandike, na pale anapochukua fedha kwa ajili ya nyumba au ya mdogo wako, mwulize aiandikeje. Asipolitoa siku hiyo, liache. Punje zake zinatosha kwa sasa.

Usiingie pia na maneno ya kumlipa. Bodi ya Mikopo ina makaratasi yenye saini yako, na siku utakapoajiriwa itakata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka deni liishe. Hilo ni deni na lina utaratibu wake. Mama hakukukopesha, na ukianza kumtajia zile 4,830,000 kama deni atasikia tena sauti ile ile ya wino mwekundu. Kama unataka kuurudishia mtaji unene wake, nunua gunia la karanga Juni, ulete kibandani, mlipange pamoja na mengine.

Zile kurasa mbili za kijitabu ni jambo dogo kuliko unavyolihofia. Yale ya kusimama darasani na ya Mpunguzi ni ya kweli, yaandike. Ulitoka kwenye kuitazama meza ukafika kwenye kuwauliza watu wazima maswali magumu, na hakuna aliyekupa hilo bure. Kisha andika asubuhi ya siku ya kumi na nne, na hesabu yako ya kwanza, na ya pili kama tulivyoifanya hapa, fungu kwa fungu. Najua wenzako wameandika kuhusu kujiamini na uongozi. Wewe una mizania iliyosahihishwa, na kwa mhitimu wa biashara sijui ni kipi kingine angeweza kukabidhi chenye thamani zaidi. Ila wasomee mama na mdogo wako kwanza kabla hujakipeleka, kwa kuwa humo ndani kuna biashara ya mtu.

Na nauli ya mahafali umtumie wewe, mapema, kutoka katika akiba yako ya kile kikundi cha bweni. Akikuuliza umeiandika wapi, mwambie iko katika daftari lako wewe. Mimi nikipita Mpwapwa nitatafuta kibanda chenye kopo la punje, na nitataka kilo mbili za karanga, pamoja na kiganja chake.